Kijani Nilichokataa Kukitoa

Nawasalimu wote mliofika, wa kanisani na wa msikitini, maana naona leo humu ukumbini vikundi vyetu vimechanganyika. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na safari, najua wengine mmetoka mbali na barabara yenyewe mnaijua. Mwenyekiti wa mkutano ameniomba niseme juu ya mafuta ya mwani, na naona baadhi yenu mmeshika madaftari, mnategemea niwafundishe kutengeneza. Hilo nitaligusa. Ila nilimwomba aniruhusu nianze na lile baya, kwa sababu nikianza na zuri sitafika kwenye baya. Najijua.

Sitataja jina la mtu. Kama yupo humu anayejitambua kwenye maneno yangu, anivumilie, sitasema la kumwongezea aibu. Aibu yote iliyopo ni yangu.

Mimi ni mtoto wa Mpimbwe. Wazazi wangu walilima mpunga, na mimi nikapata bahati ya kusoma mpaka nikawa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa mjini Mpanda. Mimi ndiye niliyekuwa nawaandalia watoto chupa na dawa za masomo ya kemia. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, nikabaki nyumbani Makanyagio na mume wangu, ambaye ni seremala. Kukaa bure sikuweza. Nilikuwa nimesikia kwa mwalimu wangu wa zamani wa chuo kwamba ule utando wa kijani unaoota kwenye maji yaliyotulia, ule mnaoukwangua kwenye mapipa, ukikuzwa vizuri na kukaushwa, una mafuta ndani yake. Wataalamu wanauita mwani mdogo. Ni mimea midogo sana, mmoja mmoja huuoni kwa macho. Mafuta yake ukiyachanganya na methanoli na kostiki kidogo, ile wanayotumia watengeneza sabuni, unapata mafuta yanayoendesha injini ya dizeli.

Nikaanza uani. Nikachimba vibwawa viwili, nikavitandika turubai. Nikakuza, nikachuja kwa kitambaa, nikakausha, nikasaga, nikaloweka kwenye spiriti. Miezi ilipita nikipata vijiko tu. Jirani alimuuliza mume wangu kama nimeugua, maana mtu mzima anashinda anakoroga maji machafu. Lakini ile siku niliyowasha kibatari kwa mafuta yangu mwenyewe, kikawaka, nililia. Niliona sasa nimekuwa mtu tena.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Mafuta yale yalikuwa ya kijani. Kijani kibichi, kile cha majani ya mpunga wa wiki tatu. Ukiyaweka kwenye chupa na kuyainua juani, yalipendeza kuliko soda. Watu walianza kuja kuyaangalia. Wageni wa miradi walipopita Mpanda waliletwa kwangu, wakapiga picha na ile chupa. Nikapewa jina, Mama Kijani. Hata sokoni Kashaulili nikipita waliniita hivyo, na mimi nilikuwa napunguza mwendo ili waite mara ya pili.

Mwalimu wangu nilimtumia picha kwa simu. Akanipigia siku hiyohiyo.

"Hongera," akasema. "Sasa hicho kijani utakitoaje?"

Nikamwuliza kwa nini nikitoe.

"Kwa sababu hiyo ni klorofili. Ndiyo inayolisaidia jani kushika mwanga, na ikibaki kwenye mafuta inaendelea kushika mwanga. Mafuta yakikaa juani yataharibika upesi, yataganda, yatafanya gundi. Injini haitaki gundi. Kitoe kwanza, ndipo umpe mtu."

Nilimjibu, "Sawa, mwalimu." Nikaikata simu, nikaiangalia chupa yangu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikusahau maneno yake. Niliyaelewa vizuri, na kazi hiyo ni ya fani yangu. Nilichofikiria ni hiki: nikikitoa kijani, yatabaki mafuta ya rangi ya chai, yanayofanana na mafuta ya mtu yeyote. Nani atakuja kupiga picha na chai?

Kwa hiyo nilikiacha.

Kikundi chetu cha mpunga kule bondeni kilikuwa na pampu ya dizeli ya kuvuta maji mtoni. Wanachama wengi ni akina mama, na mwenyekiti wetu ni mama mmoja mkali lakini mwenye haki. Na mimi nikiwa mmoja wa viongozi, nikasimama kwenye kikao nikawaambia msimu ule tuichanganyie pampu mafuta yangu, sehemu moja yangu kwa sehemu nne za dizeli ya kituoni. Mwenyekiti akauliza swali moja tu.

"Umeyajaribu kwenye injini?"

Nikasema nimeyajaribu. Nilikuwa nimeyajaribu kwenye injini ya rafiki wa mume wangu, kwa muda wa kunywa chai, mafuta yakiwa mapya ya siku ileile. Hilo ndilo niliita kujaribu.

Nikapeleka madumu matatu yaliyochanganywa tayari. Na niliyachagua madumu meupe, yanayoonyesha ndani, ili kila anayepita njia ya mashambani aone kijani. Mawili yalipangwa nje ya kibanda cha pampu, juani. La tatu halikuenea pale, likaingizwa ndani ya kibanda.

Aliyekuwa anaendesha pampu ni baba mmoja wa Mishamo. Wengi hapa mnajua historia ya Mishamo, sina haja ya kueleza. Wazazi wake walikuja wakikimbia vita nchi jirani, yeye amekulia hapahapa, ana uraia wa nchi hii kama mimi. Msimu ukifika alikuwa anakuja bondeni na baiskeli yake, analala kwenye kibanda, anaitunza ile pampu mpaka mpunga ukomae. Misimu mitano alikuwa nasi. Mtu mpole, wa maneno machache. Mimi aliniita mama mwalimu ingawa sikuwahi kuwa mwalimu, na nilikuwa namwamkia kwa sababu ananizidi umri.

Mwezi na zaidi ulipita, pampu ikifanya kazi kwa dizeli ya kawaida iliyokuwa imebaki. Madumu yangu yalikaa pale juani. Ile dizeli ilipoisha, akafungua dumu langu la kwanza. Siku niliyokwenda shambani kwangu akanifuata.

"Mama mwalimu, njoo uangalie hili dumu. Linavuta."

Nikaenda. Akachovya kijiti, akakiinua, mafuta yakateremka polepole kama uji wa mgonjwa. Na kile kijani kilikuwa kimefifia, kimeingia ukahawia. Jua lilikuwa limekula rangi na limeyala mafuta pamoja.

"La ndani halijawa hivi," akasema. "Ni haya ya nje tu. Nitumie la ndani kwanza, haya tuyaache?"

Kulikuwa na wageni wanakuja wiki ile. Ningewaambiaje kwamba madumu yaliyopangwa mbele yao ni ya kuacha? Nikamwambia, "Baba, wewe washa tu. Mafuta ya mimea ndivyo yalivyo, yakipata moto yatalainika."

Aliniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akawasha.

Mvua mwaka ule ziliondoka mapema. Mpunga ulikuwa unachanua, na nyie wakulima mnajua, mpunga unaochanua ukikosa maji hausubiri. Siku ya tatu pampu ikakohoa, ikazima. Akaiwasha, ikazima. Fundi aliyekuwa karibu alikuwa amesafiri, na wa kutoka mjini Mpanda alifika siku ya sita. Siku sita, jua linawaka. Mnakwenda shambani asubuhi mnakuta majani yamejikunja. Kuna mama mmoja, amefiwa na mume na analea wajukuu, alibeba maji kwa ndoo kutoka mtoni kumwagia kipande cha shamba lake. Mtu anamwagilia ekari kwa ndoo. Nilimwona. Nikapita njia nyingine.

Mpunga ule ulitoa mapepe. Mashamba ya chini, karibu na mto, yaliambulia kitu. Ya juu ukipeta, upepo unaondoka na vyote.

Lakini kabla ya mavuno, fundi akiwa hajafika bado, kikao kiliitwa pale kando ya pampu. Watu walikuwa na hasira, na hasira inatafuta mahali pa kukaa. Mmoja akasema pampu haiwezi kufa hivihivi, lazima dizeli imetiwa maji. Mwingine akasema anayetia maji ni yule aliyeiba dizeli, anajaza ili dumu lisionekane limepungua. Wa tatu akasema lile neno, akamtaja baba yule kwa kabila lake badala ya jina lake, akasema hawa watu tulionywa tusiwaamini. Hakuna aliyemkataza. Misimu mitano alikuwa nasi, na haikuchukua muda mrefu hata kidogo kumgeuka.

Mwenyekiti akamgeukia. "Baba, eleza."

Akasema, "Sikutia maji. Sikuchukua mafuta. Madumu ya nje yalikuwa yameharibika. Mama mwalimu anajua, nilimwonyesha."

Watu wote wakaniangalia.

Hapa, jamani, mniache nipumue kidogo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja. Kweli, alinionyesha. Basi. Maneno mawili matatu. Nilisema hivi: "Mimi mafuta niliyaleta mazuri. Yaliyoyapata hapa siyajui."

Hakubisha. Niliona tu mabega yake yameshuka. Akasema, "Sawa," akaingia kibandani, akakunja blanketi lake, akalifunga nyuma ya baiskeli. Walimwambia asionekane tena bondeni. Akaondoka akiisukuma ile baiskeli mpaka njia ilipokuwa nzuri, ndipo akapanda.

Siku mbili baadaye fundi wa Mpanda akafika. Akafungua pampu, mimi nikiwa peke yangu naye, wenzangu wamekwenda kuchota maji. Akatoa chujio la mafuta akanipa. Lilikuwa limejaa utelezi mweusi wenye kijani, unanata kwenye vidole.

"Hapa hakuna maji," akasema. "Maji hayafanyi hivi. Hii ni gundi. Nani aliwauzia mafuta haya?"

Nikamwambia nitamweleza mwenyekiti. Nikalifunga lile chujio kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka kwenye mkoba. Sikumweleza mwenyekiti. Kwa hiyo msinihurumie mkasema labda nilikuwa sina hakika. Siku ile kwenye kikao nilikuwa nashuku. Kuanzia siku ya fundi nilijua, na nikanyamaza tena.

Nimeambiwa ushuhuda usiwe mrefu, lakini hiki kipande siwezi kukiruka, kwa sababu kuna mtu humu sasa hivi yuko ndani yake.

Niliacha kula. Sikukusudia, chakula kilikataa tu. Vibwawa vyangu nikaviacha, vikaoza, uani kukanuka mpaka mume wangu akavifukia mwenyewe bila kuniuliza. Kanisani nilikwenda, lakini wenzangu wakiinuka kwenda kukomunika mimi nilibaki kwenye benchi, nawapishia magoti wapite. Padre aliwahi kuniuliza kama nina tatizo la miguu. Watoto nikawa nawafokea kwa vitu vya bure. Na watu bado waliniita Mama Kijani, kwa nia njema kabisa, na kila wakiniita nilihisi wamenitia kidole jichoni. Waliponiuliza mbona nimeacha kutengeneza, nilisema yule mtu wa pampu alinivunja moyo. Mnasikia? Niliongeza. Uongo wenyewe ulikuwa umeshamaliza kazi yake, mimi bado naulisha.

Hali hiyo ilikwenda karibu mwaka. Kisha siku moja asubuhi nilikuwa sokoni Kashaulili nanunua dagaa. Mkokoteni ukapita umebeba magunia ya mchele, mtu anausukuma ameinama. Alipofika usawa wangu akasimama, akajifuta jasho. Alikuwa yule baba.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikashindwa hata kumwamkia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Habari za siku nyingi, mama mwalimu."

Nikasema nzuri.

Akaniangalia. "Mbona umepungua hivyo? Unaumwa?"

Ndugu zangu, angenitukana ningeweza kubeba. Angepita kama hanijui ningeshukuru. Aliniuliza kama naumwa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua kweli. Nikasema, "Hapana, baba, ni uchovu." Akasema, "Pole. Kapime." Akashika mkokoteni wake, akaendelea.

Dagaa niliwaacha pale mezani kwa muuzaji. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alikuwa karakanani anapiga randa ubao wa mlango. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, tangu simu ya mwalimu mpaka mkokoteni. Alikuwa ameacha kupiga randa lakini ameishika bado. Nilipomaliza akasema, "Mwaka mzima unakula na mimi sahani moja."

Nikakaa chini pale kizingitini.

"Na mimi," akasema, "nimekuwa nikiwaambia watu hapa karakanani kwamba yule mtu ni mwizi. Nimesema kwa kinywa changu, kwa sababu ulisema wewe." Akaweka randa chini. "Jumapili tunakwenda Mishamo. Usimpigie simu. Mambo haya hayasemwi kwenye simu."

Tulikwenda na pikipiki ya kuazima. Tulimkuta nyumbani na mke wake, wanapukuchua mahindi. Walitupa viti. Mke wake akataka kuinuka kutuletea maji, nikamwomba akae asikie, maana yanamhusu. Nikasema. Nikatoa lile chujio kwenye mfuko wake, nikaliweka juu ya jamvi.

Yule baba aliligeuza mkononi, akalirudisha. Akasema, "Nilijua. Mimi niliyaona mafuta kwa macho."

Mke wake ndiye aliyeongea, kwa sauti ya chini. "Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa mtia maji. Mkubwa alikataa kwenda wiki mbili. Mume wangu ameomba kazi ya pampu vijiji vitatu, kila anakofika habari imeshafika. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nyumbani. Hilo ndilo jibu, nilikuwa nyumbani.

Nikapiga magoti kuomba msamaha. Baba yule akaniambia niinuke, nikae kwenye kiti. Akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Mama mwalimu, kukiri hapa nyumbani kwangu hakunisaidii kitu. Mimi nilikuwa najua, mke wangu anajua. Walionifukuza hawapo hapa. Nenda ukaseme pale palipotamkwa. Msamaha tutaongea baadaye."

Hakuwa mkali alivyosema. Alikuwa kama mtu anayekuelekeza njia. Na mimi nilikuwa nimekuja nikitumaini, niseme wazi, kwamba nitalia, atanisamehe, nitarudi nimepona na hakuna mwingine atakayejua. Njiani kurudi nilijua mume wangu anasubiri nimwambie siku ya kikao.

Nikamwomba mwenyekiti aitishe kikao palepale kando ya pampu. Nilisimama nikasema kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyosema hapa. Nikasema alinionyesha dumu. Nikasema nilimwamuru awashe. Nikasema fundi aliniambia ni gundi nikaificha. Nilipofika kwenye lile chujio, yule mama wa wajukuu, yule wa ndoo, aliinuka akaondoka. Mpaka leo tunasalimiana, lakini hajakaa karibu yangu, na sina haki ya kumdai akae.

Mwenyekiti alikuwa amevuka hasira. Alisema, "Na sisi tulimhukumu mtu bila kungoja fundi. Wewe ulidanganya, sisi tulipenda kudanganywa." Wakanitoa kwenye uongozi wa kikundi, nikakubali. Wakachagua watu wanne, na mwenyekiti mwenyewe, wakaenda Mishamo kumwomba radhi yule baba kwa jina la kikundi, na kumwomba arudi kwenye kazi yake.

Radhi aliipokea. Kazi aliikataa. Alisema hawezi kulala tena kwenye kile kibanda. Huko ndiko mambo yalikoishia, na msitegemee niwaambie vingine. Kwangu mimi alituma neno kupitia kwa mwenyekiti, kwamba amesikia nimesema pale palipotamkwa, na moyo wake umetulia juu yangu. Nilikwenda kumshukuru. Tuliongea kuhusu mafuta zaidi ya vitu vingine. Akanieleza kwa makini jinsi dumu la ndani ya kibanda lilivyobaki jepesi wakati yale ya juani yanavuta, na kwamba hata lile la ndani lilianza kuvuta lilipotolewa nje zile siku chache za kumngoja fundi. Angesikilizwa tangu mwanzo, tungejua.

Sasa nyie wenye madaftari, andikeni.

Nilichimba vibwawa upya, mwenyekiti akaniruhusu kwa sharti kwamba tone langu halitagusa pampu ya kikundi mpaka aone yeye. Nikampigia mwalimu wangu, nikamweleza kwamba sikumsikiliza na nini kilitokea. Hakunisema sana. Aliniuliza tu, "Sasa uko tayari kukitoa?"

Jaribio la kwanza nilitumia dawa ya kung'arishia nguo. Rangi ilifubaa, mafuta yakanuka na kutoa povu, nikamwaga. La pili niliyaanika juani kusudi, maana nilishaona jua linafifisha kijani. Linafifisha kweli, na papo hapo linayageuza uji. Nikaelewa kwamba kufubaza rangi ni kitu kimoja na kuitoa ni kitu kingine. Mwalimu akaniambia nitafute mkaa wenye vitundu vidogo unaoweza kuivuta. Sisi tuna pumba za mpunga mpaka tunazichoma ovyo mashineni. Nikazichoma kwenye pipa lililofunikwa, hewa kidogo, zikawa nyeusi badala ya jivu. Nikasaga, nikaosha, nikakausha vizuri. Mafuta ghafi, kabla hayajachanganywa na methanoli, nikayapasha yawe vuguvugu tu, nikatia ule unga mweusi, nikakoroga, nikachuja kwa vitambaa vya pamba viwili. Yakatoka kijani hafifu. Nikarudia kwa unga mpya. Mara ya tatu yakatoka rangi ya chai ya rangi.

Niwe mkweli, kila unapotoa kijani, mkaa unakunywa na mafuta kidogo. Ukiwa mchoyo utaacha kijani ili upate mengi. Na mafuta yenyewe ya mwani ni machache, kazi ni nyingi. Asije mtu akauza ng'ombe wake kwa sababu alinisikia mimi hapa. Lakini nilipoyafanya dizeli, ile sabuni ambayo kostiki huifanya ndani ya mafuta ilipungua wakati wa kuyaosha na maji, na mafuta yalijitenga na maji upesi. Nikaweka chupa mbili dirishani, moja ya kijani, moja iliyotolewa kijani. Mwenyekiti alikuja kuziangalia kila alipofika mjini, anazipindua, anatikisa kichwa, anaondoka. Ile ya kijani iliganda. Nyingine ilibaki inamwagika kama siku ya kwanza. Tukayajaribu mafuta hayo kwenye injini chakavu ya zamani miezi kadhaa, fundi yule wa Mpanda akifungua chujio mbele ya kikundi kizima, sio mbele yangu peke yangu. Msimu uliopita tulichanganya kidogo kwenye pampu. Madumu ni meusi na yanakaa ndani. Pampu haikuzima. Hakuna aliyekuja kupiga picha.

Namshukuru mwalimu wangu aliyenipokea simu mara ya pili. Namshukuru fundi. Namshukuru mwenyekiti wetu, ambaye hakunifukuza na hakunibembeleza. Namshukuru mume wangu, ambaye baada ya kikao kile alizunguka kwa wateja wake mmoja mmoja kufuta yale aliyoyasema. Na yule baba na mke wake, sina neno la kutosha, Mungu awatunzie watoto wao.

Kama kuna funzo, ni hili. Kitu changu kilichosifiwa na watu ndicho kilichokuwa kinaharibu, na nilikuwa nimeambiwa. Kila mmoja wenu anajua alichoambiwa. Kitoe mapema, kikiwa bado kinakugharimu sifa tu, kabla hakijamgharimu mtu mwingine.

Na nina ombi moja, nimalizie hapo. Nyie mmetoka vijiji vingi. Ile habari ya mtu wa Mishamo aliyetia maji kwenye dizeli bado inatembea. Nimeisikia mwezi huu huu, kwenye kijiji ambacho sikuwahi kufika. Uongo wangu unakwenda mbali kuliko ninavyoweza kuufuata kwa miguu yangu. Naombeni mnisaidie. Ukisikia mtu anaisimulia, iwe mashineni, kisimani au kwenye msiba, usimwache amalize. Mwambie umemwona mwanamke aliyeyaharibu yale mafuta, umemsikia kwa masikio yako, na amesema ni yeye.